Nukta Mbili Nilizozifuta kwenye Hesabu ya Boza

Siku uvumilivu wangu ulipokatika nilikuwa nimevaa dera jipya, hina imenikolea mikononi, na mwanangu wa kwanza anatimiza siku arobaini. Kwa hiyo nyie wadogo zangu mnaosoma hii na laptopu mapajani, jueni kabisa kwamba sikupanga kukasirika. Nilipanga kula pilau.

Maji ya bomba yalikuwa yamekata wiki ya pili pale kwetu Tabata, basi sie na jirani yetu Mama Jofrey tukaagiza boza la maji pamoja, lita elfu kumi. Kulikuwa na simtanki mbili za lita elfu tano, yetu na yake, zote tupu, zimesuguliwa ndani jana yake mpaka zinanukia sabuni. Elfu tano na elfu tano. Hesabu hiyo haihitaji cheti.

Boza likaja, likamwaga. Simtanki ya kwanza ikajaa hadi ikatema. Ya pili ikapanda, ikapanda, kisha mpira ukaanza kukohoa na maji yakasimama. Nikagonga pembeni kwa kidole. Chini ikajibu kizito, juu ikalia kama debe. Zaidi ya moja ya tano ilikuwa hewa tupu.

"Kaka Sele," nikamwambia dereva, "maji mengine yako wapi?"

"Yapi tena, sista? Yote hayo hapo."

"Hizo ni elfu kumi?"

"Elfu kumi kamili. Kabla sijafungua koki si nimempimia bi mkubwa hapa akaona kwa macho yake?"

Bi mkubwa ni mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, ambaye hapendi kuingizwa kwenye ushahidi asioujua. "Mie nimeonyeshwa mti umelowa," akasema. "Kilichoandikwa humo nitakijuaje?"

"Labda simtanki zenu zimevimba kwa jua," Sele akasema, na sura yake haikuonyesha kama anatania. Akapanda juu ya boza, akachomoa ufito wa kupimia, akaniletea kama mtu anayeleta msahafu. "Shika mwenyewe. Huu siyo wa kuchonga na panga, sista. Huu umepigwa hesabu na kompyuta."

Nikaushika. Mistari ilikuwa imekatwa vizuri kwa msumeno, kila mia tano kistari kifupi, kila elfu kirefu. Namba zilikuwa mwandiko wangu. Na mstari wa juu kabisa, ule wa elfu kumi, ulikuwa umepakwa rangi ya kucha, nyekundu ya kung'aa, kwa sababu siku ile rangi ya karakana ilikauka koponi nikatoa chupa kwenye pochi yangu.

Mama Jofrey naye akaja, sahani mkononi, akachungulia. Yule mama hana siri. "Mama Nasra, si wewe ndo ulikuwaga unawapimia hao watu wa maboza kule Temeke?"

Wanawake wote waliokuwa kwenye masufuria wakageuka. Maji yanayotosha kuosha vyombo vya watu mia yalikuwa hayapo, na mti uliosema yapo niliuandika mimi.

Hapo uvumilivu ukanikatika. Sele akanyoosha mkono arudishiwe ufito wake, nikamwambia haurudi. Akacheka. Nikaingia nao ndani, nikaulaza chini ya godoro la mtoto, nikafunga mlango. Akabisha mlango mara tatu, akamwita mume wangu, mume wangu akamwambia, "Kaka, mie mwenyewe simwezi akiwa hivyo." Basi boza likaondoka bila ufito, na sie, ili maji ya simtanki yasiguswe kabla sijayapima, tukaosha masufuria kwa maji ya chumvi ya kisima cha nyuma.

Mie nimestaafu. Msinicheke. Nina miaka ishirini na minane, lakini kazi ile nimeifanya miaka minne na siirudii, kwa hiyo nimestaafu kama anavyostaafu mtu yeyote. Na mstaafu ana haki ya kuwachosha vijana kwa maneno.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Boza la maji mkilitazama kwa nyuma si duara. Limebonyezwa, pana kuliko lilivyo refu kwenda juu, kama andazi lililokaliwa. Shuleni tuliambiwa umbo hilo ni duaradufu. Sasa, ukitumbukiza ufito ndani ya tenki la namna hiyo, sentimita kumi za chini zina maji kidogo, sentimita kumi za katikati zina maji mengi, za juu zinarudi kuwa kidogo. Huwezi kugawa ufito sawasawa kama rula. Lazima ujue duaradufu yako ina upana gani na kimo gani, ndipo upige hesabu ya kila mstari.

Zamani pale karakana hesabu hiyo ilifanywa na Fundi Chande kwa pipa. Fundi Chande ni mchomeleaji, mtu wa makamo, mdomo mchafu, na kila saa saba mchana analala chini ya gari la mtu bila kumwambia mwenye gari. Alikuwa anachukua pipa la lita mia mbili, anamwaga ndani ya boza, anatumbukiza mti, anakata alama. Pipa lingine, alama nyingine. Boza moja, siku nzima. Jioni nguo zimelowa na watu hawasemeshani.

Mie nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa na C ya hesabu na simu yenye kioo kilichopasuka. Python nilijifunzia humo humo kwenye simu, baadaye kwenye kozi ya wiki sita ya bure, ambako mwalimu alitufundisha kuchora grafu za mauzo ya maembe. Mwenye karakana, tunamwita Injinia Masanja ingawa uinjinia wake alijipa mwenyewe, akasikia kuna mdada anajua kompyuta. Akaniita.

"Unaweza kuniambia boza lina lita ngapi bila kumwaga maji?"

Nikasema naweza. Sikuwa najua. Nikaenda nikajifunza siku tatu, nikarudi najua. Hilo silijutii, na nyie msilijutie, ilimradi hizo siku tatu mjifunze kweli.

Namna tulivyopima: unashusha timazi katikati ya sahani ya nyuma ya boza, ule uzi wenye chuma chini. Unaweka nukta kwa chaki ukingoni mwa sahani. Kila nukta unaipima namba mbili, iko mbali kiasi gani na uzi, kulia au kushoto, na iko juu kiasi gani kutoka sehemu ya chini kabisa ya tenki. Unaandika kwenye daftari. Halafu unaziingiza kwenye programu pamoja na urefu wa tenki, inatafuta duaradufu inayopita karibu zaidi na nukta zote, inakupa ujazo na jedwali la mistari ya ufito, kila mstari kama asilimia ya sehemu ya ufito inayozama. Mistari thelathini ya Python, mingine niliiokota mtandaoni, mingine niliilia machozi.

Daftari alinilazimisha Fundi Chande. Mie nilitaka kuandika moja kwa moja kwenye laptopu.

"Hiyo laptopu ikilowa?" akaniuliza.

"Italowaje?"

"Mwanangu, tunafanya kazi na maboza ya maji."

Akanipa kaunta buku lenye mafuta ya grisi kwenye jalada, na sharti moja. Ukikosea namba, piga mstari mmoja juu yake, usisugue mpaka karatasi itoboke. "Leo unajiona umekosea," akasema. "Kesho unaweza kukuta ulikuwa sahihi, na namba ushaila." Nilimwona mzee wa mikosi tu. Shikeni hilo la daftari, nitalirudia.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha. Boza la kwanza nilipima Jumatatu, nukta nane safi. Jumanne Fundi Chande akaliona lina bonde upande wa kushoto, akalinyoosha kwa nyundo kwa upendo wake tu, bila kumwambia mtu. Jumatano nikatoa ufito wa boza ambalo halipo tena duniani. Tulitukanana kuanzia asubuhi hadi chai ya saa nne.

"Nani kakutuma unyooshe?"

"Nani kakutuma upime kitu kibovu?"

Mara nyingine nilichukua nukta tano zote upande mmoja, maana upande wa pili kulikuwa na mbwa kalala na sikutaka ugomvi naye. Programu ikanirudishia umbo lisilofunga. Siyo duaradufu, kitu kimefunguka kama tarumbeta, na ujazo ukaja na alama ya kutoa mbele. Injinia akatazama kioo. "Hili boza halina mwisho?" Nikamwambia ndiyo, na pia lina maji chini ya sifuri. Tukacheka wote. Siku hizo tulikuwa tunacheka.

Kosa la namna hiyo halinitishi. Tarumbeta inajitangaza yenyewe. Kosa la kuogopa ni lile linalokuja limevaa vizuri, limechana nywele, linakupa namba uliyokuwa unaitaka. Sasa nawaeleza hilo, na ndilo linaloniuma mpaka leo.

Boza lile la Sele lilikuja karakana likiwa limepakwa rangi upya, bluu, na ubavuni wameandika kwa herufi kubwa LITA 10,000. Nikachukua nukta saba. Tano za chini na katikati nilizipata nimesimama. Mbili za juu nilipanda ngazi kuzifuata, na nilikuwa na mimba ya miezi minne naificha chini ya koti, kwa hiyo mjue zile nukta mbili nilizitolea jasho. Nikapiga hesabu. Kimo mita moja na sentimita arobaini, upana mita mbili na ishirini, lita elfu nane mia tisa na hamsini. Nukta hazikukaa zote juu ya mstari, kuna iliyotoka sentimita moja, kuna iliyotoka karibu mbili, maana chuma cha boza kimegongwagongwa na ubavu mmoja ulikuwa umetuna. Ndivyo inavyokuwa. Boza siyo kikombe cha kaure.

Injinia akaja na mwenye boza nyuma yake.

"Imesomaje?"

"Elfu nane mia tisa na hamsini."

Akanitazama, akatazama ubavu wa boza. "Pale pameandikwa ngapi?"

"Pameandikwa elfu kumi. Lakini ile ni rangi, bosi."

"Rangi imeandikwa na watu wenye akili zao. Na hiki nini hapa, kosa sentimita mbili? Mie hapa nauza vipimo au nauza makosa?" Akavuta kiti, akachungulia mchoro. Kwa jicho zile nukta mbili za juu zilikuwa kweli zinavuta mstari kwenda chini. "Si unaona hizi mbili zinavyoharibu? Ulikuwa kwenye ngazi, mkono umetetemeka. Zitoe."

"Zikitoka zinabaki tano tu."

"Na tano zinatosha au hazitoshi? Si wewe ulisema tano ndo kiwango cha chini?"

Nilisema. Ni kweli nilisema. Duaradufu ina namba tano za kutafutwa, na nukta tano zinaipata. Nikaziwekea kishale cha kompyuta, nikazifuta. Mkono wangu, kidole changu, kitufe nilibonyeza mimi. Kwenye daftari nikapiga mstari mmoja juu ya kila moja, kwa mazoea. Nikapiga hesabu tena, sasa nikaomba ujazo na jedwali tu. Lita elfu tisa mia tisa na arobaini. Kosa: sifuri.

"Sifuri!" Injinia akapiga meza. "Umeona? Ukiondoa uchafu ukweli unatoka." Mwenye boza akanipa mkono. Namba imekaribia rangi ya ubavuni, kosa hakuna, nani atabisha? Nikakata ufito, nikaandika namba, lita sitini zilizopungua nikazijazia iwe elfu kumi kamili, mstari wa juu nikaupaka rangi ya kucha.

Wadogo zangu, nisikilizeni vizuri hapa, maana hili hawakutufundisha kwenye maembe. Ukiwa na namba tano za kutafuta na nukta tano za kutafutia, kosa litakuwa sifuri siku zote. Siku zote! Hata ukipima umesinzia. Mstari utapita juu ya kila nukta kwa sababu hakuna nukta iliyobaki ya kuubishia. Ni sawa na kuandaa shughuli, halafu ukawauliza watu watano wa jikoni kama chakula kilitosha. Watasema kilitosha. Wa kumuuliza ni yule wa sita, aliyekaa mwisho wa mkeka, na wewe umeshamfukuza. Nukta ya sita na ya saba ndizo pekee zilizokuwa na uwezo wa kuniambia nimekosea, na zilikuwa zinaniambia, na nikazifukuza kwa kuwa zimesema.

Halafu ubaya wa pili. Nukta zangu tano zote zilikuwa nusu ya chini na kiunoni. Juu hakuna aliyebaki. Ubavu ukituna sentimita mbili tu, programu inadhani boza linaendelea kupanuka kwenda juu, inachora tumbo la hewani. Baada ya ile arobaini nikairudia ile hesabu kutoka kwenye daftari, safari hii nikaiambia initajie na kimo. Ikasema mita moja na sentimita sitini na mbili. Ufito wenyewe, mnajua, ukiutumbukiza kwenye lile boza unagusa chini ukiwa umezama mita moja na arobaini. Sentimita ishirini na mbili za boza zilikuwa kwenye kompyuta peke yake. Kama siku ile ningeuliza kimo tu, swali moja, ningeona. Sikuuliza. Nilikuwa nimeomba jedwali la mistari, nikapewa jedwali la mistari.

Baada ya siku hiyo Injinia akatunga sheria: nukta tano, basi. Hakuna ngazi, hakuna makosa, boza likija linaisha kwa saa moja. Fundi Chande akatikisa kichwa. "Hilo boza la bluu ulilimwagia pipa hata moja?" Nikamwambia fundi, hayo ni mambo ya kale. Akaenda kulala chini ya gari. Ningekuwa na aibu ningemfuata huko huko chini.

Tumbo lilipofika miezi saba nilishindwa kuchuchumaa kupima sehemu ya chini ya tenki, nikaaga, daftari nikaondoka nalo. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, bila keki.

Turudi kwenye arobaini. Wageni wameondoka, mama mkwe anapanga vyombo vyenye ukungu wa chumvi. Hakunitukana. Ingekuwa afadhali.

"Rehema mwanangu," akaniambia, na tangu nijifungue alikuwa ananiita Mama Nasra, kwa hiyo nikajua kuna jambo. "Mie watu nimewaambia mkwe wangu ana kazi ya akili. Nimewaambia mpaka msikitini. Sasa Mama Jofrey ananiuliza, mlikuwa mnajua? Nimjibu nini?"

"Mjibu nilikosea, mama."

"Ulikosea au mlikuwa mnaiba?"

Swali hilo ndilo lililonitoa machozi. Maana kwa mtu aliyebeba ndoo, tofauti iko wapi? Asubuhi yake nikachukua futi kamba nikaenda kwenye simtanki ya Mama Jofrey, ile ya pili isiyojaa, kabla hawajaitumia. Ile imesimama wima, duara moja kutoka chini hadi juu, haina ujanja. Nikapima maji yalipoishia. Pungufu lilikuwa lita elfu moja na hamsini. Ndoo hamsini na mbili na nusu za lita ishirini. Sasa piga picha ya kina mama wanaonunua kwa lile boza kuanzia Tabata hadi Mbagala, kila safari ndoo hamsini na mbili na nusu hazipo, na mti wenye rangi yangu ya kucha unaapa zipo.

Siku ya tatu Injinia akaja mwenyewe nyumbani. Hajawahi kuja hata kunipa pole ya uzazi. Alileta nepi pakiti mbili na tabasamu.

"Mama Nasra, nasikia una ufito wa mteja wangu."

"Ninao."

"Basi nipe, yaishe. Sele anapata shida kazini."

"Apate. Bosi, ule ufito umezidisha. Zile nukta mbili zilikuwa sahihi."

"Nukta gani?" Alikuwa amesahau kweli. Nikamletea daftari lenye grisi, nikamwonyesha namba mbili zenye mstari mmoja juu yake, zinasomeka kama nilivyoziandika. Akazitazama kwa muda. Kama mnaujua uso wa mtu anayefanya hesabu ambayo hataki kuifikisha mwisho, ndio ule.

"Sikiliza," akasema taratibu. "Nitakuletea boza kila mwezi, bure, mpaka huyu mtoto aanze shule. Wewe na jirani yako."

"La lita ngapi?"

Mama mkwe alikuwa anamenya vitunguu mlangoni. Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

Injinia hakucheka. "Basi nenda kashtaki. Lakini fito ni mwandiko wa nani? Aliyekaa kwenye kompyuta nani? Karakana yangu ina mafundi, haina kompyuta. Ukinishtaki mie unajishtaki wewe."

Nepi akaziacha. Nimezitumia, sina kinyongo na nepi.

Na alichosema kilikuwa kweli, ndiyo maana nilizunguka nacho siku mbili nikinyonyesha na kusonya. Nilitaka sana kwenda ofisi ya vipimo ya serikali kama mwathirika. Mama mchanga, mtoto mgongoni, kaibiwa maji siku ya arobaini. Ningependeza. Lakini kila nilipoipanga ile hadithi kichwani ilitoka safi mno, kosa sifuri, na nikajua kwa nini: nilikuwa nimeshaanza kufuta nukta.

Nikampigia Fundi Chande. Nikamwamkia shikamoo ndefu, nikamwambia kila kitu. Nyuma yake mtu alikuwa anagonga chuma.

"Daftari unalo?"

"Ninalo, fundi."

"Ulisugua?"

"Sikusugua."

"Basi nenda. Wakitaka mtu wa kumwaga mapipa mbele yao, waambie yupo. Ila wasiniite saa saba."

Ofisi ya vipimo niliingia na mtoto, daftari, na ufito mrefu kunishinda uliogonga kila mlango. Karani akanipa fomu, akaniuliza maswali huku anaandika.

"Unamlalamikia nani?"

"Karakana iliyotoa ufito huu. Na mpimaji."

"Jina la mpimaji?"

Nikamtajia. Akaandika nusu, akarudi juu kwenye jina la mlalamikaji, akaweka kalamu mezani. "Dada, umechanganya. Hapa umejiandika mara mbili."

"Sijachanganya."

"Mtu hawezi kuwa pande zote mbili. Fomu haina hiyo nafasi."

"Basi nipe karatasi nyeupe."

Akanipa, naona ili niondoke tu na mtoto anayelia. Niliandikia pale pale kwenye benchi, Nasra kwenye titi, kwa mwandiko uleule wa kwenye ufito, ili wawe na cha kulinganisha. Wamenigongea muhuri wa kupokelewa. Nakala ninayo, na ninaiweka hapa kama ilivyo.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UFITO WA KUPIMIA BOZA LA MAJI

Mimi ni mkazi wa Tabata. Nalalamika kwamba boza la rangi ya bluu lililoandikwa lita 10,000 linabeba lita 8,950, na ufito wake unaonyesha 10,000. Ufito nimeuambatanisha. Nimepima pungufu la lita 1,050 kwenye simtanki ya jirani yangu, ambaye yuko tayari kuhojiwa.

Mlalamikiwa wa kwanza ni mwenye karakana, aliyeagiza nukta zitolewe ili hesabu ifanane na rangi. Mlalamikiwa wa pili ni mimi, niliyezitoa. Baada ya boza hilo nilikata fito nyingine tisa kwa nukta tano tano. Sijui zipi ni nzima na zipi ni mbovu, na hakuna anayeweza kujua kwa kuziangalia. Orodha iko kwenye daftari.

Naomba fito zote kumi ziitwe zirudi, na maboza yote kumi yapimwe kwa kumwagiwa maji kwa pipa, hadharani, wanunuzi wakiwepo. Fundi wa kuifanya kazi hiyo yupo, isipokuwa saa saba mchana.

Nukta mbili nilizozifuta ni hizi, na naomba ziingizwe kwenye jalada. Ya kwanza: kulia kwa timazi sentimita 77, kimo sentimita 120. Ya pili: kushoto kwa timazi sentimita 48, kimo sentimita 133. Nilizipima mwenyewe juu ya ngazi. Mkono haukutetemeka.